Nyaya za Umeme Karakanani Zisilale Sakafuni

Katika karakana zetu nyingi, kama zile za maseremala wa Keko mjini Dar es Salaam, waya wa mashine hulala sakafuni, ukafunikwa na maranda na kukanyagwa na kila apitaye. Ajali itokeapo husemwa kwamba fundi amezembea. Kwa maoni yangu, lawama hiyo aghalabu si ya haki. Chanzo cha hatari kimo katika mpango wa karakana yenyewe: soketi ni moja, iko karibu na mlango, na meza ya kazi iko mita 10 mbali nayo. Fundi hana njia ila kuutandaza waya chini.

Yafaa kwanza tuelewe madhara ya kuukanyaga waya. Waya wa mashine yenye bodi ya chuma huwa na nyaya tatu ndani yake. Mbili huchukua mkondo. Wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, ni wa ardhi. Ukikatika mmoja wa zile mbili, mashine husimama na fundi hujua. Ukikatika ule wa ardhi, mashine huendelea kufanya kazi kama kwamba hapana lililoharibika. Siku umeme utakapovujia kwenye bodi, mtu atakayeishika ndiye atakayekuwa njia ya mkondo kwenda ardhini.

Wengi huitegemea fyuzi. Lakini fyuzi ya ampea 13 iliyomo ndani ya plagi huulinda waya usiungue. Haikuwekwa kumlinda mtu. Mwili wenye ngozi iliyolowa jasho waweza kuwa na ukinzani wa omu 1000 hivi. Kwa umeme wa volti 230, mkondo utakaoupita mwili huo ni ampea 0.23, ambao haufiki hata sehemu moja ya hamsini ya uwezo wa fyuzi hiyo, nao watosha kuvuruga mapigo ya moyo. Ndiyo maana swichi za kinga zilizokusudiwa kumlinda mtu hukata umeme uvujapo kiasi cha miliampea 30 tu.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuuviringisha waya uliozidi. Hilo nalo lina hatari yake. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, wenye urefu wa mita 20, ukipitisha ampea 10 hutoa joto la wati 50 hivi. Ukinyooshwa, joto hilo hutawanyika hewani. Ukiviringishwa, hukusanyika mahali pamoja na huweza kuyeyusha plastiki. Palipo na vumbi la mbao, moto hauko mbali.

Njia iliyo bora ni kuuleta umeme kutoka juu. Waya upitishwe kwenye boriti, ushikwe kwa vishikizo vya mbao, uteremke karibu na meza. Uwe juu kuliko kichwa cha mtu aliyebeba ubao, wala usipigiliwe misumari. Pale ambapo hauna budi kukatiza njia, ulazwe kati ya papi mbili za mbao zilizo nene kuliko waya wenyewe. Hatimaye, fundi umeme mwenye leseni aweke soketi kwenye kila meza, pamoja na swichi ya kinga.

Itasemwa kwamba hayo yana gharama. Ni kweli kwa soketi na swichi, na hapo wenye majengo yanayokodishwa kuwa karakana wanapaswa kubeba sehemu yao. Lakini boriti na papi seremala anazo tayari. Linalokosekana ni mafunzo. Katika vyuo vya ufundi mwanafunzi hupimwa kwa kiungo alichokichonga. Apimwe pia kwa jinsi alivyoupitisha waya kabla ya kuiwasha mashine.