Shimo la Baridi: la Ipogolo si la Huku

Wanachama kadhaa watuuliza kwa nini chama kisitoe fedha kuchimba maghala ya baridi chini ya ardhi, yasiyotaka umeme wala mafuta, kama yanavyosifiwa kwa nchi za bara. Swali ni la haki, nasi twajibu wazi: kwa Ipogolo, naam, kwa karafuu zetu, hasha.

Ipogolo iko chini ya kilima cha mji wa Iringa, karibu na mto Ruaha Mdogo, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Nchi ile iko juu, mji wenyewe wakaribia mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa mablanketi. Ukichimba chini sana, udongo huacha kufuata jua la mchana, hushika wastani wa joto la mwaka mzima. Wastani wa Iringa ni kama digrii 20; wa visiwa vyetu wapita 25. Basi mkulima wa huko akiweka viazi shimoni, gizani visigeuke kijani, na akaacha matundu ya hewa kwa kuwa mazao nayo hupumua, halazimiki kumuuzia mwenye lori kwa bei ya mwenye lori. Nyanya azihifadhi ndani ya kuta mbili za matofali, katikati mchanga uliorowa. Hewa kavu ya kiangazi huyanyonya maji yale yakaondoka na joto. Ndiyo hila ya vyungu viwili iliyompatia Mohammed Bah Abba wa Nigeria tuzo ya Rolex mwaka 2000. Vitunguu asitie humo, vyataka pakavu.

Hapa kwetu hewa imekwisha shiba maji. Mchanga ule utabaki umerowa bure. Na karafuu haitaki baridi, yataka ukavu. Ikifungiwa mbichi hupata joto yenyewe, ikachacha, ikatoka imefifia na kukunjamana, na mnunuzi akaishusha daraja. Kilo 3 mbichi hutoa kama 1 kavu: nani aweza kuitupa hiyo moja?

Muhogo ni habari nyingine. Mbichi haufiki mbali baada ya siku mbili tatu, lakini ukifukiwa katika udongo wenye unyevu hukaa majuma. Shimo hilo latosha jembe, halihitaji kura ya mkutano.

Fedha iliyopo twataka inunue majamvi na maturubali kabla ya vuli, mvua isiyo na adabu ya kumngoja mtu aanue. Mwenye rai nyingine na aje nayo mkutanoni.