Umoja Haununuliwi kwa Ukimya



Kuna neno ambalo limeanza kusemwa katika mikutano yenu, hapa Butembo na kule Beni, kana kwamba limetoka katika Injili yenyewe: «Mafundisho hugawa, upendo huunganisha.» Husemwa hasa mwezi wa Januari, katika juma la kuombea umoja wa Wakristo, tarehe 18 hadi 25, vijana wa parokia wanapokaa kwenye benchi moja na vijana wa CBCA, wa Kianglikana na wa jumuiya nyingine. Husemwa kwa nia njema, nami sina shaka na nia hiyo. Lakini neno lenyewe ni la uongo, na anayelishika mpaka mwisho atapoteza mafundisho na upendo vyote viwili.

Nianze na yale tusiyobishana. Hakuna Mkristo wa Kivu Kaskazini anayeweza leo kuuita umoja jambo la anasa. Tarehe 27 Juni 2021, Jumapili asubuhi, bomu lililipuka ndani ya kanisa la parokia ya Emmanuel-Butsili, mjini Beni, na kuwajeruhi wanawake wawili. Siku hiyo watoto walikuwa wanatazamiwa kupokea Kipaimara. Tarehe 15 Januari 2023, Jumapili tena, bomu lingine lililipuka Kasindi, kwenye mpaka wa Uganda, katika kanisa la Kipentekoste la CEPAC, waamini walipokusanyika kwa ajili ya ubatizo, na watu zaidi ya 10 wakapoteza maisha. Baba Mtakatifu Fransisko alituma rambirambi kwa viongozi wa ndugu zetu Waprotestanti, na wiki mbili baadaye, alipokuja Kinshasa, alikaa na kuwasikiliza wahanga wa mashariki, wakiwemo wa kwetu. Yeye mwenyewe alizoea kusema juu ya uekumene wa damu: anayemwua Mkristo hamwulizi kwanza kama ni Mkatoliki au Mprotestanti.

Ni kweli hamwulizi. Ila angalieni hitimisho ambalo wengine wanalichota hapo. Wanasema: kwa kuwa mwuaji haoni tofauti, basi tofauti hazipo, kwa kuwa panga halikuuliza katekisimu, basi katekisimu si kitu. Tangu lini mwuaji amekuwa mwalimu wetu wa imani? Watu wa Kasindi walikuwa wamekusanyika kwa sababu waliamini jambo fulani, kwa uwazi, juu ya ubatizo. Watoto wa Butsili walikuwa wamejifunza kwa miezi mingi maana ya Kipaimara. Mkisema leo kwamba lile waliloliamini halina uzito, mnawaondolea wale marehemu na wale majeruhi kitu pekee ambacho bomu halikuweza kuwaondolea.

Wapo wanaojibu kwamba historia inawaunga mkono, kwa maana mafundisho ndiyo yaliyowagombanisha Wakristo. Basi tuisome historia, na tuisome ya jirani. Kila mwaka, tarehe 3 Juni, watu wetu huvuka mpaka kwenda Namugongo. Mwaka 1886 Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pale pamoja, kwa amri ya Kabaka Mwanga, wakimwungama Kristo mmoja. Papa Paulo wa Sita, alipowatangaza watakatifu wale 22 wa Kikatoliki tarehe 18 Oktoba 1964, aliwakumbuka pia wenzao Waanglikana. Na mwaka 1969, alipofika Uganda, alikwenda kuheshimu hata mahali pao.

Jambo ambalo mahujaji wetu hulisahau ni lile lililofuata. Mwezi wa Januari 1892, miaka isiyotimia sita baada ya moto ule, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana kwa bunduki kule Mengo, na Kapteni Lugard, mtu wa kampuni ya Kiingereza, aliwapa silaha wale wa upande wa Waprotestanti. Wakatoliki wakashindwa, wakasukumwa kwenda Buddu. Je, siku ile waligombania kuhesabiwa haki? Waligombania Ekaristi? Hapana. Waligombania uchifu, ardhi, na nani atamshika Kabaka mkononi. Hata majina ya makundi yao yanasema yote: waliitwa Wafransa na Waingereza. Dini ilikuwa imegeuka bendera, na bendera haihitaji mafundisho, inahitaji rangi tu. Kwa hiyo, kijana anayeniambia kwamba tukiyasahau mafundisho tutapendana, namwomba aende Mengo. Wakristo wasioijua imani yao hawawi wapole kwa sababu hiyo. Wanakuwa kabila jingine, tayari kutumiwa na yeyote mwenye bunduki za kugawa. Sisi wa mashariki ya Kongo tunapaswa kulielewa hilo kuliko watu wengine wote.

Tena, ninyi mnaopenda kuitaja sura ya 17 ya Injili ya Yohane, isomeni yote. Bwana anaomba wafuasi wake wawe kitu kimoja, ndiyo. Lakini mistari minne kabla ya ombi hilo anamwomba Baba awatakase katika ukweli. Ni sala moja, ya usiku mmoja, ya kinywa kimoja. Na mwaka 2025, Wakristo wa dunia nzima walipokumbuka miaka 1700 ya Mtaguso wa Nikea, juma la umoja liliongozwa na swali la Yesu kwa Martha baada ya kifo cha ndugu yake, kama anayaamini yale aliyomwambia. Martha alikuwa katika msiba, hata hivyo Bwana hakuona kwamba kumwuliza juu ya imani ni kumkosea upendo. Mababa wa Nikea nao walikuwa wametoka katika madhulumu, na wengine inasimuliwa walikuja na makovu. Wangeweza kusema: tumeteseka pamoja, tusiulizane kama Mwana ni Mungu kweli au ni kiumbe. Hawakusema hivyo, na ndiyo maana Jumapili tunayo Kanuni ya Imani ya kukiri, sisi na wengi wa ndugu zetu.

Nichukue mfano uliotugusa sote. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola iliwaua watu zaidi ya 2,200, wengi wao katika maeneo yetu ya Beni, Butembo, Katwa na Mabalako. Mnakumbuka yaliyosemwa: ugonjwa haupo, ni siasa, ni biashara ya wageni. Je, kuna aliyesema wakati ule kwamba kila mtu abaki na ukweli wake mradi tupendane? Mama aliyeamini kwamba ugonjwa haupo aliuosha mwili wa mumewe, akafa, na watoto wakamfuata. Kumnyamazia yule mama ili asikasirike hakukuwa upendo. Basi, kama tunakiri kwamba uongo juu ya mwili unaua, kwa nini tunadhani uongo juu ya Mungu hauna madhara?

Lakini mfano huo unakata pande zote mbili, na hapa nawageukia wale wanaofurahi kusoma mistari yangu mpaka sasa. Wale waliotuletea ukweli juu ya Ebola walikuwa na ukweli kamili. Hata hivyo walikuja mara nyingi kwa magari makubwa na askari, wakachukua maiti kabla ya kusema pole, wakazungumza kwa lugha ambazo bibi zetu hawazijui. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili mwaka huohuo Daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyekuja kutuokoa, aliuawa hapa Butembo. Hakuna kisingizio kwa damu ile. Ila twaweza kujifunza kwamba ukweli ulianza kupokelewa pale tu waliponusurika, na wauguzi wa mtaani, na watu wanaojulikana kwa majina yao, walipokaa uani na kuusema polepole. Mkatoliki anayemrushia Mbaptisti mistari ya katekisimu barabarani kama jiwe, naye haendi kwenye matanga ya jirani kwa sababu yanaongozwa na mchungaji, huyo ana ukweli mfukoni kama mtu mwenye dawa iliyofungwa katika chupa.

Na tusijifanye wageni kwa kiburi hicho. Katika ukoloni wa Kibeljiji, shule za misioni za Kikatoliki zilipata ruzuku ya serikali kwa miaka mingi, na zile za Waprotestanti zikangoja mpaka mwaka 1948. Wazee wa ndugu zetu hawajasahau. Mimi niliyepitia ualimu najua kwamba leo, tangu mapatano ya mwaka 1977, mwalimu huyohuyo anaweza kufundisha mwaka huu katika shule ya mkataba ya Kikatoliki, mwakani katika ile ya Kiprotestanti, na hesabu ikabaki hesabu. Hiyo ni neema. Lakini mwalimu anayempa kila mwanafunzi kumi juu ya kumi ili darasa liwe na amani hampendi hata mmoja wao.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe linalowasumbua, kwa maana najua si Nikea wala Mengo mnayojadiliana usiku kwenye simu. Ni ubatizo. Kijana wa parokia anampenda binti wa kanisa jingine. Familia inasema ndoa itawezekana akibatizwa upya kwa maji mengi. Naye anakuja kwa katekista akiuliza: kuna ubaya gani, si maji ni yaleyale? Jibu ni hili. Ndugu zetu Wabaptisti wanaamini kwamba ubatizo ni wa yule anayeikiri imani kwa kinywa chake mwenyewe. Kwa hiyo kwao wewe, uliyebatizwa mchanga mikononi mwa mama yako, hujabatizwa bado. Sisi tunaamini kwamba Mungu alikutangulia, kabla hujajua kusema, na kwamba alichokifanya hakirudiwi. Ndiyo maana Kanisa Katoliki halimbatizi upya yule aliyebatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, hata kama aliyembatiza ni mchungaji. Haya mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Ukiingia majini mara ya pili «kwa ajili ya upendo», unasema mbele ya mashahidi kwamba Mungu hakufanya kitu mara ya kwanza. Na, tafadhali, unamdharau hata yule mchungaji, kwa sababu yeye anaamini anachokifanya, na wewe unafanya mchezo tu ili upate mke.

Ndivyo ilivyo pia kwa meza ya Bwana. Kutokushiriki kwetu pamoja kunauma, na kuume. Anayeharakisha kuuondoa uchungu huo kwa kula pale na hapa bila kuuliza tunachokiamini juu ya mkate ule anatibu kidonda kwa kukifunika kwa nguo safi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hati ya Mtaguso juu ya uekumene, ya tarehe 21 Novemba 1964, ilikwisha kuonya kwamba hakuna kitu kilicho mbali na uekumene kama amani ya bandia inayoyapaka mafundisho rangi. Ni hati hiyohiyo inayofundisha kwamba kweli za imani zina mpangilio, zikikaa karibu au mbali na msingi. Utatu Mtakatifu haupimwi mizani moja na rangi ya mavazi ya kwaya. Wapo kati yenu wanaogombana na Waprotestanti juu ya makofi na ngoma, na hawajui kueleza kwa nini tunamwomba Maria.

Mtauliza: je, kuna mahali ambapo umoja na ukweli vimetembea pamoja? Vipo. Wakatoliki na Walutheri walianza mazungumzo rasmi mwaka 1967, juu ya jambo lilelile lililolipasua Kanisa la Magharibi katika karne ya 16, yaani mtu anahesabiwaje haki mbele ya Mungu. Hawakulikwepa. Walilikalia zaidi ya miaka 30, na tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, wakatia sahihi tamko la pamoja kwamba juu ya kiini cha jambo hilo laana za zamani haziwagusi tena wanaofundisha hivyo. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Kama wazee wale wangekuwa na haraka yenu ya kusema «yote ni sawa», tamko lile lisingekuwapo.

Na hapa nyumbani, mwezi wa Januari 2025, maaskofu wetu wa CENCO na viongozi wa ECC walitangaza pamoja mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani. Mwezi uliofuata wakaenda pamoja Goma, iliyokuwa imetekwa na M23, kisha Kigali. Ziko sauti zilizowalaumu, na mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya siasa ya jambo hilo. Mimi nalitazama jambo moja: hakuna askofu aliyehitaji kuificha Misa yake, wala mchungaji aliyehitaji kuifunga Biblia yake, ili waketi gari moja kwa ajili ya watu wanaokufa.

Basi, Januari ijayo mtakapoalikwa tena kwenye hekalu la CBCA au la Waanglikana, nendeni, na imbeni kwa sauti. Kabla ya kwenda, kila kikundi kikae jioni moja na katekista wake na kujifunza jambo moja tu, kwa mfano ubatizo wa watoto wachanga, mpaka mjinga kati yenu aweze kulieleza bila kusoma karatasi. Mkiwa huko, waombeni wenzenu wawaeleze wanachokiamini wao juu ya jambo hilohilo, na msikilize hadi mwisho bila kuandaa jibu. Na mkirudi parokiani, msiniletee habari ya kwaya iliyoshinda. Niambieni swali walilowauliza mkashindwa kulijibu, nami nitakuwa nimefungua chumba cha mafundisho tangu saa tisa.