NDEGE IMEFIKA WILSON: SAFARI IMELIPIWA NA NANI?



Kila mara tajiri anunuapo ndege ndogo ng'ambo, karatasi nyingi hupita mezani. Iko hati ya mauzo. Iko barua ya kuifuta ndege katika daftari la Marekani, na cheti cha Serikali ya huko kwamba ndege ni nzima na yaweza kutoka nchini. Iko bima. Yako maombi kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ili ndege ipewe herufi zetu za 5Y. Karatasi hizo zote ni za lazima na hatuna ugomvi nazo. Ugomvi wetu ni kwamba katika rundo lote hilo, rubani atakayeileta ndege na fundi atakayeiunga hutajwa mahali pamoja tu: pale pa kutia sahihi.

Tukiuliza, twaambiwa, "Hayo ni mapatano ya muuzaji na mnunuzi. Chama kina shauri gani humo?" Tunalo shauri. Ndege hiyo yaweza kuja kwa njia mbili, kurushwa au kupakiwa melini, na katika njia zote mbili pesa inayookolewa hutoka katika siku na usalama wa mfanyakazi.

Tuanze na ile ya kurushwa. Chukueni Cessna 172, ndege ya injini moja ambayo vijana wengi wamejifunzia urubani hapo Wilson. Kiwanda chake kiko jimbo la Kansas. Kutoka Gander, pwani ya Canada, mpaka Shannon huko Ireland ni maili za bahari kama 1,700, na ndege hiyo hukata kama maili 120 kwa saa. Hesabuni wenyewe: saa 14 juu ya maji, mtu mmoja, injini moja. Tangi zake za kawaida hazimfikishi hata nusu ya njia. Kwa hiyo viti vya nyuma hung'olewa, na mahali pake hutiwa tangi la ziada, na ndege huruka na uzito uliopita kiwango chake kwa kibali maalumu. Rubani huketi na petroli nyuma ya kisogo chake, amevaa vazi zito la mpira, maana bahari ya huko haimpi mtu nafasi ndefu ya kuishi akianguka. Njia ya Greenland na Iceland ina vituo zaidi, lakini ina barafu.

Wako watakaosema mbona Beryl Markham, aliyekulia Kenya, aliivuka bahari hiyo peke yake mwaka 1936. Kweli aliivuka, kutoka Uingereza kwenda Canada, na dunia ikamshangilia. Lakini safari hiyo iliishia kwa ndege kukita pua katika kinamasi cha Nova Scotia, kwa sababu petroli ilikoma kufika kwenye injini, naye alisema barafu iliziba tundu la hewa la tangi. Alikuwa hodari, na barafu haikujali. Tena yeye alikwenda kutafuta sifa. Rubani wa kuleta ndege anatafuta karo ya watoto.

Akivuka salama bado Afrika iko mbele yake. Zamani alishuka na mto Nile mpaka Khartoum, kisha nyumbani. Vita vilivyoanza Sudani Aprili 2023 vilifunga anga ile, ikawa lazima kuzunguka, na kila kuzunguka ni vibali vipya na ada mpya. Petroli ya injini ndogo nayo haipatikani kila uwanja. Viwanja vingi vina mafuta ya jeti tu. Basi mtu hukaa siku nne, siku sita, akingoja kibali au pipa la petroli.

Sasa sikilizeni neno lenyewe. Marubani wengi wa kazi hii hulipwa fungu moja kwa safari nzima. Akifika kwa siku 7, fungu ni lile lile. Akingoja wiki mbili mawingu yaondoke, fungu ni lile lile, na mara nyingine hoteli ni juu yake. Hakuna bwana anayempigia simu kumwambia, "Ruka hata kama kuna barafu." Hapana haja. Mapatano yenyewe yanamwambia hivyo kila asubuhi anapohesabu pesa iliyobaki mfukoni. Ndege ina bima ya thamani yake yote. Yeye ameandikwa kuwa mkandarasi wa kujitegemea, na Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007 inamlinda aliyeajiriwa. Chuma kina mwenyewe, mtu hana.

Ikiletwa kwa meli, mabawa hung'olewa, mwili huingizwa katika kontena la futi 40, nalo hushuka Mombasa, hupanda reli mpaka Embakasi, kisha lori mpaka Wilson. Hapo hatari humfikia fundi. Mabawa yarudi mahali pake, bolti zikazwe kwa kipimo, waya za usukani zivutwe kwa kipimo. Waya mbili zikibadilishana, rubani atapinda kulia na ndege italala kushoto, naye atajua hayo akiwa amekwisha acha ardhi. Ndiyo sababu desturi njema ya kazi yetu ni macho ya watu wawili: mmoja amefunga, mwingine asiyefunga amekagua. Lakini mwenye ndege amekwisha ahidi watalii Jumamosi, na kontena limefika Alhamisi kwa sababu forodha ilichelewa. Siku zilizopotea bandarini hudaiwa kwa fundi, usiku, chini ya taa ya mkono, na yule mtu wa pili huitwa asubuhi kutia sahihi kazi ambayo hakuitazama.

Mabwana husema tukidai mengi wanunuzi watakimbia na kazi itapungua. Cessna 172 mpya yapita dola 400,000. Mtu awezaye kutoa fedha hizo hatafilisika kwa kulipa siku za kungoja.

Twataka mapatano ya kuleta ndege yaonyeshe ujira wa kila siku ya kungoja, na chakula na malazi juu ya mwenye kazi. Twataka yaseme kwamba rubani akikataa hali ya hewa, neno lake ndilo la mwisho na hakatwi senti. Bima ya maisha yake iandikwe kabla ya tangi la ziada kufungwa, na mke wake apewe nakala. Kwa fundi, siku za kuunga zihesabiwe tangu kontena lifunguliwe Wilson, na yule wa pili alipwe saa zake za kukagua.

Mwanachama atakayeletewa karatasi isiyo na mambo hayo asiitie sahihi siku hiyo. Ailete ofisini, isomwe na wengine.