Kelele za Mlango Humnyima Mwenye Nyumba Usingizi

Wahenga walisema kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala. Methali hii naisikia darasani, na naisikia zaidi mtaani kila mtu anapolalamika kuwa hakulala. Hapa Juba mlalamikaji huambiwa avumilie, azoee, kisha hutupiwa methali hiyo kama kufuli ya kufungia mazungumzo. Mimi nadai kwamba tunaitumia vibaya. Wahenga walikuwa wakisema juu ya maneno ya watu, yaani masengenyo na fitina, na hayo kweli yapuuzwe. Lakini mlango wenyewe ukilia usiku kucha, dawa yake ni kutafuta bawaba iliyokauka na kuitia mafuta. Anayeupuuza mlango huo si mvumilivu. Ni mvivu.

Nasema hivi kwa sababu jambo lenyewe si dogo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa nchi za Ulaya kwamba kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi wastani wa desibeli 40. Mwaka huohuo Kenya, jirani yetu, ilitunga kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, na maeneo ya makazi yakawekewa kiwango cha chini zaidi usiku kuliko mchana. Ieleweke pia kwamba desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila zikiongezeka 10, nguvu ya sauti huzidishwa mara 10; kwa hiyo desibeli 60 si 40 na nusu yake, bali ni nguvu mara 100. Mwili wa aliyelala huisikia tofauti hiyo hata kama mdomo wake asubuhi unasema "nimezoea." Usingizi uliokatikakatika hudhuru moyo, na hudhuru kumbukumbu. Mwanafunzi anayekesha akisikiliza injini hawezi kushindana kwa haki na aliyelala.

Kosa letu la kwanza ni la lugha, na hapa nazungumza na wanafunzi wenzangu wa Kiswahili. Tunaita kila kitu "kelele" tu. Lakini Kiswahili kimetupa maneno ya kutosha. Kuna mvumo, sauti nzito isiyokatika. Kuna mtetemo, ambao huujua kwa mkono kabla ya sikio. Kuna mkwaruzo wa vitu viwili vinavyosuguana, kishindo cha kitu kinachoanguka, mlio mkali wa chuma, na mgongano wa bati lililolegea. Kila neno linaonyesha chanzo chake. Mkwaruzo huomba mafuta. Mgongano huomba msumari. Mvumo huuliza ni injini gani, nayo imewekwa juu ya nini. Mtu asiyelitofautisha jina la sauti hatakipata kinachoitoa, na asipokipata atamlaumu jirani aliye karibu zaidi.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu Gudele. Kila usiku chumba chetu kilijaa mvumo, na juu ya mvumo huo palikuwa na mlio kama wa nyuki ndani ya kopo. Ndugu zangu walimlaumu moja kwa moja mama jirani, mfanyabiashara kutoka Uganda, ambaye jenereta lake lilikuwa nyuma ya ukuta. Mimi nilianza kwa kugusa. Sauti nzito ni vigumu kuijua inatoka upande gani, maana hujaa chumba kizima na hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba. Kwa hiyo sikio peke yake halitoshi. Niliweka kiganja ukutani, kwenye fremu ya dirisha, kisha nikapanda juu ya meza na kushika bati la paa. Nilipolibana bati, nyuki wale wakanyamaza. Msumari ulikuwa umelegea. Nikakata kipande cha mpira wa tairi la ndani la baiskeli, nikakiweka chini ya kichwa cha msumari mpya, nikagongelea.

Ulibaki mvumo. Asubuhi nilikwenda kwa jirani. "Shikamoo mama, samahani kukusumbua. Naomba tuangalie jenereta pamoja." Akanijibu, "Marahaba mwanangu, unadhani mimi ninalala?" Tukaona kwamba limewekwa juu ya sakafu ya saruji iliyoungana na ukuta wetu. Majenereta madogo mengi huzunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kila sekunde, na kila mzunguko ulikuwa ukipigwa ndani ya ukuta kama ngoma. Tulilisogeza mbali na ukuta, tukaliweka juu ya matairi mawili makuukuu, na bomba la moshi tukaligeuzia upande usio na madirisha. Mvumo haukwisha, lakini ukuta uliacha kutetemeka. Hatukununua kitu, na hatukutukanana.

Najua nitakayojibiwa. Kwanza, kwamba jenereta ni lazima. Nakubali. Mwaka 2019 ulizinduliwa mtambo mpya wa umeme hapa Juba, lakini nyumba nyingi bado haziujui umeme huo, na wengine huona gharama yake ni nzito. Mama yule bila jenereta soda zake hazipoi na watoto wake hawali. Ndiyo maana sisemi lizimwe. Nasema liwekwe vizuri. Sisemi pia lifichwe. Wapo wanaoliingiza ndani au kwenye kibaraza kilichozibwa ili kupunguza kelele, na huo ni hatari kubwa, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Kelele ni afadhali kuliko kifo, lakini hatulazimiki kuchagua kati ya hivyo viwili.

Pili, nitaambiwa kwamba nchi iliyopita vitani haina nafasi ya kulalamikia bati. Jibu hili ndilo linaloniudhi zaidi. Watu waliokimbia milio ya risasi wakakaa miaka mingi kambini ndio hasa wanaostahili usiku wa kimya. Kwa wengi wao kishindo cha ghafla usiku huleta hofu ya zamani. Amani isiyofika mpaka kitandani ni amani ya kwenye karatasi.

Tatu, kwamba kuulizia kelele ni kuanzisha ugomvi. Mimi naona kinyume chake. Ugomvi huanzishwa na anayelalamika bila kuchunguza, na anayekaa kimya mpaka hasira inamwagika. Anayefika kwa jirani akiwa amekwisha kaza bati lake mwenyewe huwa na haki ya kuzungumza, na jirani huwa na sababu ya kumsikiliza.

Basi wahadhiri wetu waendelee kutufundisha methali, lakini watufundishe pia kuzihoji. Na wewe msomaji, usiku wa leo ukisikia sauti isiyokupa usingizi, usijiambie uzoee. Ipe jina lake, weka mkono ukutani, uifuate mpaka inakotoka. Ukikuta ni mlango, utie mafuta.