Ndoa ya majuu ikivunjika, nani anabaki na mtoto?

Tuseme umepata mchumba majuu, mkaoana, mkajaliwa mtoto. Mambo yakaharibika. Siku moja unatoka kazini unakuta nyumba tupu: mwenzako amebeba mtoto na kurudi kwao. Utafanya nini? Usikimbilie kusema "tutaonana kortini". Swali la kwanza ni korti ya wapi.

Hebu angalia Japani. Kwa miaka mingi, wazazi wakitalikiana huko, mmoja tu ndiye alibaki na haki ya ulezi. Yule mwingine akawa kama mgeni. Akibahatika, anamwona mtoto saa chache kwa mwezi; asipobahatika, ndio basi. Na kwa kuwa majaji hawakupenda kumng'oa mtoto alikokwisha kuzoea, aliyemchukua kwanza alikuwa ameshatangulia mbele. Julai 2020 Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kuilaumu Japani. Mwaka uliofuata, wakati wa Olimpiki ya Tokyo, baba mmoja Mfaransa aligoma kula wiki tatu karibu na uwanja mkuu akidai kuwaona watoto wake.

Mei 2024 Japani ikabadilisha sheria. Kuanzia Aprili 1, 2026, wazazi waliotalikiana wanaweza kushirikiana ulezi, na hata walioachana zamani wanaweza kuomba korti iwafikirie upya.

Lakini usishangilie bado. Watetezi wa wanawake waliodhulumiwa waliupinga mpango huo, na wana pointi. Si kila anayetoroka na mtoto ni mwizi. Kuna mama anayetoka usiku kwa sababu akingoja asubuhi atapigwa tena. Ukimlazimisha kushauriana na huyo mume kila mtoto akibadilisha shule, umempa mume kamba ya kumvuta nayo. Ndiyo maana sheria mpya inasema korti ikiona hatari ya dhuluma, ulezi unabaki kwa mzazi mmoja. Shida ni ushahidi: makofi ya chumbani hayana risiti.

Kuna pia mkataba wa Hague wa 1980. Najua ukisikia Hague akili inakimbia ICC, lakini huu ni tofauti. Hauamui nani alee mtoto. Unasema mtoto wa chini ya miaka 16 aliyevushwa mpaka kinyume cha haki arudishwe alikokuwa akiishi, korti za huko ndizo ziamue. Ukiomba kabla ya mwaka kuisha, kawaida anarudishwa, isipokuwa kama kurudi kutamtia kwa hatari kubwa. Ukichelewa na mtoto ashazoea, kesi inakuwa ngumu. Zaidi ya nchi 100 zimo, Japani ikiwemo tangu 2014.

Kenya haimo.

Katiba yetu, Kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la, na maslahi ya mtoto ndiyo kwanza. Sawa kabisa. Lakini mtoto akiletwa Nairobi kutoka Ujerumani, au akitolewa hapa akapelekwa huko, mkataba huo hautakusaidia. Unatafuta wakili na kuanza kesi alipo mtoto. Kesi ikivuta miaka, mtoto anaweza hata kusahau lugha mliyokuwa mkiongea.

Kwa hivyo, kama una mtoto na mtu wa nchi nyingine, safari yoyote iandikiwe makubaliano: anaenda lini, anarudi lini. Jua pasipoti yake iko wapi. Asiporudi, tafuta wakili wiki hiyo hiyo, usingoje wazee wa familia wakutane. Na kama ni wewe unayepigwa, ripoti polisi na uende hospitali. Makaratasi hayo ndiyo yatakusemea ukiulizwa kwa nini uliondoka.

Wabunge nao watuambie: tunajiunga na mkataba huu lini, na wanaokimbia kipigo watalindwaje? Mtoto si gari la kugawana. Kila mwaka watu wazima wanaobishana, yeye anakua bila mzazi mmoja, na hakuna korti itakayomrudishia mwaka huo.