SAA ZA MWANAFUNZI NA HAKI YA KUKAA UGENINI



Mfanyakazi wa Masalani, Hulugho au Sangailu akitaka kumpeleka mwanawe kusoma Kanada, hana mfuko mwingine ila huu: mkopo wa ushirika, wenzake wawili watatu wakimdhamini, na ng'ombe wa jamaa. Kwa hiyo jambo hili si la nyumba moja. Mkopo ukishindwa kulipwa, mshahara wa mdhamini ndio unaokatwa.

Hesabu inayopigwa nyumbani ni hii: kijana atasoma mchana, atafanya kazi jioni, saa zake zitahesabiwa, na mwisho atapewa ukaazi wa kudumu. Twasema wazi: hesabu hiyo si sahihi.

Njia ambayo wengi huitazamia ni fungu la wenye uzoefu wa kazi ya Kanada, lililoanzishwa mwaka 2008. Linataka kazi ya ujuzi ya mwaka mmodi, yaani saa 1,560, ndani ya miaka mitatu kabla ya kuomba. Lakini kazi aliyoifanya mtu akiwa mwanafunzi wa muda wote haihesabiwi humo hata saa moja, hata kama chuo chenyewe ndicho kilichompeleka kazini kama sehemu ya masomo. Hata akikusanya saa elfu mbili, kwa fungu hilo ni sifuri.

Liko fungu jingine, la wafanyakazi wenye ujuzi, ambalo laweza kuikubali kazi ya mwanafunzi. Lakini sharti iwe ya mshahara, ya ujuzi, na isiyokatika kwa mwaka mzima, au miaka miwili kwa saa 15 kila juma. Kazi ya keshia, ya kuhudumu mkahawani au ya ulinzi wa mlangoni haimo katika daraja hizo. Ni kazi ya halali na ya heshima, wala chama hakiidharau. Ila hailetei mtu ukaazi kwa njia hizi mbili.

Kinachofaa zaidi ni kibali cha kazi kinachotolewa baada ya masomo. Hupewa mtu mara moja tu, kwa muda usiopita miaka mitatu, na si kila chuo wala kila somo linalokistahili. Walioomba kibali cha masomo tangu 1 Novemba 2024 hutakiwa pia kufaulu jaribio la lugha, na wengi wasiosomea digrii lazima somo lao liwe katika orodha ya serikali. Saa zinazoanza kuhesabiwa ni za wakati huo. Hata akizitimiza, bado hushindanishwa na wengine kwa alama, na ahadi hapana.

Pengine tunachanganywa na mfano wa majirani zetu wa Dadaab. Shirika la WUSC, lililoanza mpango wake mwaka 1978, huwadhamini wanafunzi wakimbizi, nao hufika Kanada wakiwa tayari wana ukaazi wa kudumu. Hawakuupata kwa kazi ya jioni. Mwana wa raia wa Kenya aendaye kwa kibali cha masomo yumo katika njia nyingine kabisa.

Sasa twafika penye hatari. Tangu Novemba 2024 mwanafunzi aruhusiwa saa 24 tu kwa juma nje ya chuo wakati wa masomo. Baba anapoandika kila mwezi kwamba mkopo unadai, kijana huzidisha saa kwa siri au hupunguza masomo. Akibainika, aweza kupoteza kibali cha masomo na kile cha baadaye pia. Hivyo sisi wenyewe twaweza kuuvunja mlango tuliouuzia ng'ombe.

Mwaka 1959 Tom Mboya, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Kenya, aliposafirisha wanafunzi 81 kwenda Marekani kwa ndege moja, lengo lilijulikana: wasome, warudi, washike kazi za nchi. Leo lengo la nyumba nyingi ni jingine, wala hatulilaumu. Ila lengo likibadilika, hesabu nayo sharti ibadilike.

Kwa hiyo twawashauri hivi. Kabla ya kutia sahihi ya udhamini, mdhamini aulize: chuo hiki na somo hili vyastahili kibali cha baada ya masomo? Deni laweza kulipwa kwa mshahara wa hapa Ijara peke yake, bila kutegemea senti ya mwanafunzi? Na wakala anayetoza ada kwa ushauri wa uhamiaji aonyeshe leseni, kwani sheria ya Kanada yamtaka awe nayo. Asiyeweza kuionyesha asipewe fedha.

Kila tawi lisome taarifa hii mkutanoni kabla wanachama hawajadhamini mkopo mwingine wa safari. Asiyejua kusoma asomewe.