Majaribio ya wazi, namba igombewe uwanjani

Vijana wenzangu, leo tuongee mpira, maana nao ni ajira.

Mwaka 2023 Mashujaa FC iliitoa Mbeya City kwenye mchujo ikapanda Ligi Kuu. Uwanja wa Lake Tanganyika, uleule uliopokea fainali ya Simba na Yanga Julai 25, 2021, ukapata timu ya Ligi Kuu ya nyumbani. Tulishangilia, na tulikuwa na haki.

Lakini nauliza: dogo wa Kibirizi anayevua dagaa usiku na kucheza ndondo jioni, hana akademi wala meneja, anapitia mlango gani? Kipaji kipo. Juma Kaseja, kipa aliyedakia Simba, Yanga na Taifa Stars, ni mzaliwa wa Kigoma. Ila huku mtaani habari za majaribio tunazipata kwa kujuana. Una mtu, unaitwa. Huna, unasikia usajili umeshafungwa.

Siombi mtu apewe namba kwa sababu ni wa kwetu. Agombee, akizidiwa arudi mtumbwini bila kinyongo. Ninachodai ni majaribio ya wazi: tarehe itangazwe redioni na ibandikwe kila kata, kuanzia Gungu hadi Kasingirima, kabla dirisha halijafunguliwa. Na Manispaa ya Kigoma-Ujiji itenge fedha za ligi ya kata, makocha wapate pa kuwaona hawa madogo.

Wagombea udiwani wakija na jezi na mipira, pokeeni. Halafu waulizeni: ligi ya kata mtaiweka kwenye bajeti?